Shaba Isiyopitishwa Motoni

Jumanne, saa tatu za asubuhi, Landrover ya kampuni ya mawese ya Lokutele iliingia Tshopo, mtaa wa Kisangani, ikisukumwa na watu watano, dereva wake Ignace akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba anaendesha kweli. Ilikuwa imezimika karibu na soko. Ignace alieleza kwamba taa nyekundu ya chaji ilikuwa inawaka tangu Ijumaa, naye aliibandika plasta ili isimsumbue macho.

Papa Télesphore, mwenye garaji, hakushangazwa na plasta. Alikuwa mtu wa Kindu, fundi wa umeme wa magari kwa miaka kumi na tisa, na madereva aliokwisha kuwaona walikuwa wamebandika plasta juu ya mambo makubwa zaidi. Alivua shati, akalitundika msumarini, akaanza na mambo ya bure kama anavyoanza fundi yeyote mwenye akili.

Alibonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ulikuwa umekaza. Alisugua vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe, akavimwagia maji ya moto. Aliweka betri ya kuazima iliyojaa, akawasha motor, akapima: volti kumi na mbili kasoro, na sindano inashuka. Akaruka kidhibiti cha chaji kwa kipande cha waya, umeme uingie moja kwa moja. Sindano ikaendelea kushuka. Akagusisha ncha ya bisibisi mgongoni mwa alteneta, mashine ya kuchajia betri, ikang'ang'ania, maana yake sumaku ya ndani inavuta. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya koili. Alipoifungua, sehemu moja katika tatu ilikuwa nyeusi kama muhogo uliosahauliwa jikoni. Diodi moja, kile kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, pia ilikuwa dhaifu, lakini mwaka ule wa 1982 diodi hazikupatikana Kisangani, wala sukari.

Koili ilitaka kufungwa upya, na waya mpya nao haukuwapo. Télesphore alikuwa na robota moja tu chini ya meza: kebo ya simu ya zamani ya Lokutele hiyohiyo. Zamani kampuni ilikuwa na laini yake, kutoka shambani hadi ofisi ya mjini, kilomita sabini za nguzo kandokando ya barabara. Shamba lilipochukuliwa kutoka kwa wazungu na kupewa wenye nchi, yaani kupewa mwenye nchi mmoja, laini ilidumu miezi michache kisha ikafa, na watu wa njiani wakaikata vipande. Kipande kimoja alikipata kwa lita mbili za petroli.

Mafundi wa koili wa Kisangani wana desturi. Shaba iliyokwisha kufanya kazi mahali pengine hupitishwa kwanza motoni mpaka iwe nyekundu, kisha hutumbukizwa majini. Vitabu vinasema hulainika. Mafundi wanasema husahau. Célestin, fundi wa mtaa wa Mangobo, aliwahi kufunga motor ya mashine ya kusaga kwa waya wa kengele ya shule, akaruka moto kwa uvivu, na tangu hapo kila unga ukisagwa watoto wa mtaa mzima hupanga mstari, mikono mabegani mwa wenzao, mpaka mashine izimwe. Hakuna aliyemcheka sana. Kila fundi ana yake.

Télesphore alikunja waya wa simu kwa vidole, akaona ni laini tayari. Na mkurugenzi wa Lokutele alikuwa ameagiza gari liwe tayari Alhamisi, kwa kuwa wakubwa wa chama walikuwa wanatoka Kinshasa. Akauvua ngozi, akaupaka vanishi, akaufunga koili mzunguko kwa mzunguko. Motoni hakuupitisha.

Vanishi hukaushwa kwa joto la polepole, na joto la polepole lililokuwa karibu ni la tanuri la mkate la Mama Odile, mlango wa pili. Mama Odile akishatoa mikate ya mwisho, Télesphore huingiza koili zake. Joto hilo halitoshi kusahaulisha kitu. Mikate ya kesho yake huwa na harufu kidogo, na wateja wa Tshopo wamekwisha kuizoea. Mmoja wao alihamia ng'ambo ya mto akawa analalamika kwamba mkate wa kule hauna ladha.

Odile hakuanza maisha kwa mkate. Alikuwa mkunga mwenye diploma, na kwenye karatasi aliitwa citoyenne Feza, yaani mwananchi Feza, kwa maana 'monsieur' na 'madame' vilikuwa vimekatazwa, na majina ya ubatizo pia ambayo watu waliyatumia nyumbani tu. Mwaka 1974 alikuwa peke yake katika zahanati ya Lokutele. Mwezi wa tano, siku ya sikukuu ya chama, aliletewa mwanamke aitwaye Berthe, mtoto amelala kingamo tumboni. Jioni Berthe alikufa, na mtoto pamoja naye. Ripoti ya kampuni ilisema kwamba mkunga hakupiga simu kuomba gari. Odile alisema alipiga mara saba. Ofisi ilisema haikupokea hata moja. Diploma ikazuiliwa mpaka upatikane uthibitisho, na faili likafungwa.

Diploma ilimuuma, tusidanganyane. Lakini kilichomuuma kuliko diploma ni Désiré, mume wa Berthe, mkata mawese wa Lokutele. Kila Alhamisi Désiré alishuka mjini na mapipa ya mafuta, na kila Alhamisi alipofika karibu na meza ya mkate alivuka barabara, akapita upande wa pili kwenye mtaro, akarudi upande huu mbele kidogo. Miaka minane. Odile hakumlaumu. Angetaka tu siku moja mtu huyo apite mbele yake kama anavyopita mbele ya watu wengine.

Jumatano alasiri Télesphore alirudisha alteneta mahali pake na kuwasha motor. Taa nyekundu ikazimika. Akapima: volti kumi na nne na sehemu mbili. Akawasha taa kubwa, sindano ikasimama palepale. Kazi ilikuwa safi. Kwa ajili ya ile diodi dhaifu akawasha pia redio ya gari, maana diodi dhaifu hulia ndani ya redio, na mlio hupanda motor ikipanda. Ulilia kweli. Akakanyaga mafuta, mlio ukawa mwembamba kama wa mbu. Akaachia, ukawa mzito kama wa mlevi. Katikati, mahali fulani pa pedali, ukawa sauti ya mwanamke ikisema hapa ni Lokutele, citoyenne Feza wa zahanati, kuna mwanamke wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya, watume gari.

Télesphore aliijua sauti ile. Ndiyo inayomwambia kila asubuhi aondoe vyuma vyake juu ya kuni. Akaweka kipande cha tofali juu ya pedali ili motor ibaki palepale, akaenda kumwita Odile.

Odile alikuja na unga mikononi, akakaa kiti cha dereva, akasikiliza. Simu zilikuwa saba, kwa mpangilio wake, dakika ishirini na mbili jumla, na zikiisha zinaanza tena. Zilikuwa na pande zote mbili. Mara ya kwanza mkurugenzi, citoyen Lokangu, alijibu kwamba gari lina kazi, limebeba vipaza sauti vya sherehe. Mara ya pili na ya tatu alijibu vilevile. Mara ya nne Odile alisema damu ni nyingi. Mara ya tano nyuma ya sauti yake alisikika Berthe akiuliza kama Désiré amerudi. Mara ya sita Odile alianza kulia kwenye simu.

"Monsieur le directeur, niko naomba."

"Hakuna tena monsieur katika inchi hii," sauti ya Lokangu ikajibu bila haraka. "Sema citoyen."

"Citoyen directeur, niko naomba."

"Gari iko na kazi, citoyenne."

Mara ya saba hakuna aliyepokea. Simu ililia mara kumi na nne, na waya ukashika yale yaliyosemwa chumbani mwa zahanati ilipokuwa ikilia.

Odile hakulia sasa. Alijifuta unga kwenye kanga. Télesphore, ambaye huona aibu mbele ya mtu mwenye huzuni, alimweleza kosa lake la kuruka moto. Akasema anaweza kuifungua tena, apitishe shaba motoni, isahau. Ni kazi ya siku mbili, mkurugenzi atangoja. Achague yeye.

"Miaka munane niko nasema peke yangu," Odile alisema. "Acha na yeye aseme."

Alhamisi asubuhi citoyen Lokangu alikuja mwenyewe, na abacost yake ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi vizuri, pini ya chama kifuani. Si mtu wa makelele. Aliwasalimia wote wawili, akauliza habari za watoto. Télesphore akamwonyesha sindano, kisha akamwambia wazi kwamba alteneta inachaji ila ina simu ndani, akawasha redio. Mkurugenzi akaingia, akafunga mlango vumbi lisiingie, akasikiliza dakika zote ishirini na mbili, miguu ameikunja vizuri. Odile alisimama kando ya dirisha. Alishika kioo cha pembeni.

Lokangu alipozima redio alisema ndiyo, huyo ni yeye.

"Sauti yangu ilikuwa nzuri wakati ule," akaongeza. "Siku hizi ni mafua tu."

Odile akamwomba aseme hivyohivyo kwenye ofisi ya ukaguzi wa afya. Mkurugenzi alimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza shangazi yake njia ya posta. Simu kupokewa, alisema, ni kuandikwa ndani ya rejista. Siku ya sikukuu rejista hufungiwa kabatini. Donc, yaani basi, simu zile alizisikia, alizijibu, lakini ofisi haikuzipokea. Ripoti haikudanganya. Tena katika simu zote saba hakusema neno la uongo hata moja: gari lilikuwa na kazi kweli. Hakuona kitu cha kusahihisha.

Wakati wanazungumza, Télesphore alikuwa anaandika karatasi ya kutolea gari. Aliandika kwa kukandamiza kalamu, maana alikuwa amekasirika na hakuwa na mahali pengine pa kuweka hasira yake. Kwenye mstari wa kazi zilizofanyika aliandika: koili ya alteneta imefungwa upya, inachaji volti kumi na nne na sehemu mbili, ina simu saba za mkunga Feza wa Lokutele za mwezi wa tano 1974, pamoja na majibu ya citoyen mkurugenzi kwamba gari lina kazi. Lokangu alisoma mara mbili, kwa sababu ni mtu makini. Akaongeza namba ya gari iliyokuwa imesahauliwa. Akatia sahihi, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akapiga. Kisha akamwambia Ignace waende, wageni wasingoje.

Nakala ilibaki kwa Télesphore, naye akampa Odile siku hiyohiyo.

Gari lilirudi Lokutele na simu zake. Ignace alizisikiliza njia nzima, kwa kuwa kwingine redioni kulikuwa na hotuba tu, na alipofika aliwasimulia watu wa shamba bila kuongeza chumvi. Alhamisi iliyofuata alisimamisha Landrover mbele ya garaji, na kwenye kiti cha pembeni alikuwa amekaa Désiré, ametazama mbele. Alikuwa amekataa kusikiliza njiani. Alitaka kusikiliza gari likiwa limesimama, na mkunga akiwepo.

Télesphore aliweka tofali lake juu ya pedali. Odile alisimama mbali kidogo, akitamani kukimbia. Désiré alisikiliza ya kwanza hadi ya nne bila kusogea. Kwenye ya tano, Berthe alipouliza kama amerudi, aliinamisha kichwa. Kwenye ya saba simu ilianza kulia, moja, mbili, tatu, na chini yake, polepole, ikasikika sauti ya Odile ikimwambia Berthe kwamba wanakuja, gari liko njiani. Berthe akasema basi amwache alale kidogo. Simu ikaendelea kulia mpaka kumi na nne.

Désiré akashuka. Alizunguka gari, akaenda nyuma, akashika mlango wa nyuma kwa mkono mmoja.

"Siku ile nilikuwa ndani ya gari hii," alisema. "Niliketi hapa. Nilishika vipaza sauti visianguke."

Kwenye shamba wanaume wote walikuwa wamepelekwa mjini siku ile kuimba na kucheza uwanjani, na hakuna aliyeulizwa kama anataka.

"Ulimwambia gari iko njiani," akasema tena, sasa akimtazama Odile.

"Nilimwambia."

"Ulifanya vizuri."

Hapo ndipo Odile alipolia, wazi, mbele ya watu, na Télesphore akaenda kutafuta kitu kwenye sanduku la vyuma ambacho hakikuwemo. Désiré alinunua mkate mmoja, akautia chini ya kwapa. Alipoondoka alipita mbele ya meza na hakuvuka barabara.

Ijumaa Odile alivaa kitambaa chake kizuri na kwenda ofisi ya ukaguzi wa afya na karatasi yenye muhuri. Mkaguzi alikuwa mtu wa haki. Alisoma, akalinganisha sahihi, akainua karatasi dirishani kwenye mwanga auone muhuri, akasema karatasi ni halali kabisa na yaliyomo ni kweli. Alimpa kiti. Akaingia chumba cha mafaili, akakaa humo saa nzima, akatoka na mafaili mawili na vumbi mabegani.

Faili la kwanza lilikuwa la Landrover. Kwa vitabu vya serikali, alieleza, lile gari ni ambulansi ya zahanati ya Lokutele. Liliandikishwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1974 lilitiwa doa: ambulansi ilikosekana mahali pake bila sababu. Sasa sababu imepatikana, imeandikwa, ina sahihi na muhuri. Mkaguzi akachukua kalamu nyekundu, akafuta doa, akaandika kandoni kwamba siku hiyo gari lilikuwa kazini. Akafunga kamba ya faili kwa kuridhika.

La pili lilikuwa la Odile. Karatasi hii, mkaguzi alisema kwa masikitiko ya kweli, juu yake imeandikwa gari. Yeye anahitaji iliyoandikwa mkunga, na itolewe na ofisi iliyopokea simu. Odile akasema ofisi haikuzipokea. Mkaguzi akasema ndiyo, ndivyo ripoti inavyosema. Alimsindikiza mpaka mlangoni. Njiani akamwambia, kwa kumfariji, kwamba nafasi yake Lokutele haijapewa mtu mwingine. Kila mwaka wanaandika tu kwamba hayupo. Odile akauliza nani anawazalisha wanawake wa kule. Mkaguzi akasema hilo liko kwenye faili jingine.

Alhamisi Désiré alikuja na mapipa yake. Alifika mezani, akasalimia, akauliza wamesema nini ofisini.

Odile alimwambia gari limeonekana halina kosa.

Désiré alifikiri kidogo. Akauliza, na yeye? Odile akasema yeye bado analo. Haruhusiwi kumgusa mwanamke anayezaa, akionekana ni jela. Désiré akatikisa kichwa. Alichagua mkate, akauweka chini, akachagua mwingine. Kisha, akiutazama mkate na si Odile, akasema kwamba mke wake wa sasa, Adeline, ana mimba, na mikono ya mama wazee wa kule inasema mtoto amekaa vibaya.

Odile akauliza atazaa mwezi gani.

"Wa saba. Katikati." Désiré alisita. "Niongee na Ignace? Labda siku ile gari..."

"Gari usiitafute," Odile alisema. "Nitatoka hapa siku tatu mbele ya kuzaa kwake, kwa miguu."

Akamfungia mikate miwili ndani ya gazeti, akamwuliza kama Adeline anapata maji safi karibu na nyumba, au ni yale ya mtoni.